Jinsi ya Kutunga Orodha ya Makala za Majarida ya Kitaaluma na Kuitumia Darasani

Muhula mmoja, katika chuo cha hapa Nairobi nilikokuwa nikifundisha isimujamii, nilibandika mlangoni pa ofisi yangu orodha ya makala 41 za majarida, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Wiki ya sita niligundua kwamba darasa zima la wanafunzi wapatao 60 lilikuwa likitegemea nakala moja ya makala moja, iliyochapishwa katika saiba iliyo karibu na kituo cha matatu, nayo ilikuwa na kurasa nane tu kwa sababu aliyeilipia alikuwa na fedha za kurasa nane. Makala nyingine 40 hazikuguswa. Sikuwalaumu kwa muda mrefu, maana nilipoketi kuikagua orodha yenyewe niliona kwamba hata mimi nisingejua nianzie wapi: ilipangwa kialfabeti, haikueleza popote kwa nini makala fulani imo, na karibu nusu yake ilihitaji malipo ambayo maktaba yetu haikuwa imeyafanya.

Tangu hapo nimeichukulia orodha ya usomaji kuwa ni hoja. Kila makala iingiayo humo ina kazi yake kwa sababu ya ile iliyoitangulia, na mwanafunzi anayeifuata kutoka juu hadi chini anapaswa kuuona mjadala ukisogea: nani alianza kuuliza, nani alimpinga, na ni wapi wataalamu wangali wanavutana. Ukiona kwamba makala mbili zinaweza kubadilishana nafasi bila chochote kuharibika, basi ama moja haihitajiki, ama wewe mwenyewe hujaamua inafanya nini hapo.

Anza na swali, mada itafuata

Kozi zetu hupangwa kwa mada, na mada ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba haikatai kitu. Ukiandika "Sheng", yaani ule mseto wa lugha wa vijana wa mijini Kenya, juu ya karatasi, kila makala yenye neno hilo itadai nafasi. Swali, kwa upande wake, hukataa. Swali ninalolitumia mimi ni hili: Sheng ni nini kwa mtazamo wa isimu, na kila anayejibu ametegemea ushahidi gani?

Kwa swali hilo, makala nne zinatosha kuwa uti wa mgongo. Ninaanza na ya Mary Spyropoulos ya mwaka 1987, iliyotoka katika jarida la chama cha wanaanthropolojia cha Oxford, kwa kuwa ni ya mapema na inakiri tangu kichwani mwake kwamba ni uchunguzi wa awali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili huona humo jinsi mtafiti anavyolishika jambo ambalo bado halijapata istilahi ya kudumu. Inafuatwa na ya Alamin Mazrui ya mwaka 1995, inayoitazama Sheng kwa jicho la misimu (maneno ya mitaani) na ubadilishaji msimbo (kuruka kutoka lugha moja hadi nyingine katika mazungumzo), na kuirudisha historia yake nyuma hadi miaka ya 1930, mbali kabisa na masimulizi tuliyoyazoea ya mitaa ya Eastlands ya miaka ya 1970. Halafu wanakuja Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, 1997, ambao wanatenganisha Sheng ya Eastlands na Engsh, mseto ulioegemea Kiingereza wa vijana wa Westlands yenye wenye nacho, na kwa kufanya hivyo wanauingiza mtaa na tabaka katika mjadala ambao ungeweza kubaki wa sarufi tu. Ya nne ni ya Chege Githiora ya mwaka 2002, ambayo kichwa chake chenyewe ni swali: je, ni lugha ya rika, lahaja ya Kiswahili, au krioli (lugha mpya iliyozaliwa na mchanganyiko wa lugha) inayochipuka?

Mpangilio huu unafuata miaka, lakini si lazima iwe hivyo. Wanafunzi wa uzamili ninawaanzishia na Githiora, kisha ninawarudisha nyuma kwa wale anaowataja, na kazi yao inakuwa kuamua kama amewatendea haki. Wengi hawajawahi kufikiri kwamba maelezo ya mwandishi mmoja kuhusu mwingine yanaweza kukaguliwa, wamezoea kuyanakili. Zoezi hilo moja huwafundisha maana ya mapitio ya kazi tangulizi kuliko mihadhara miwili niliyokuwa nikiitoa zamani juu ya jambo hilohilo.

Kuhusu idadi, ushauri wangu ni makala moja ya lazima kwa wiki na nyingine mbili za hiari, basi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye kozi sita hatasoma zaidi ya hapo, na akikuambia kwamba amesoma, mwulize swali moja kuhusu ukurasa wa katikati.

Orodha zilizokwisha kutungwa na wengine

Hakuna haja ya kuanza kila kitu upya. Majarida yenyewe hukusanya makala zake za zamani kuhusu jambo fulani na kuzitoa pamoja, maktaba za vyuo hutayarisha miongozo ya masomo, na vyama vya kitaaluma hupendekeza usomaji. Nimezitumia sana orodha za aina hiyo, ila kabla ya kuichukua yoyote ninataka kujua nani aliyechagua, lini, na kutoka ghala gani. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Kampuni ya uchapishaji inapotoa orodha ya makala zake bora kuhusu lugha barani Afrika, imechagua kutoka kwa majarida inayoyamiliki, na hata kama mhariri wake ni mtu mwadilifu kupindukia, hawezi kuchagua kilicho nje ya boma. Tazama makala zetu nne. Ile ya Mazrui ilitoka katika mfululizo wa Chuo Kikuu cha Köln, Ujerumani, ndani ya matoleo yaliyoitwa Swahili Forum, na ile ya Spyropoulos ilitoka katika jarida la chama cha chuo. Nusu nzima ya mjadala, kwa hiyo, haiko kwa wachapishaji wakubwa wa kibiashara, na mwanafunzi aliyepewa orodha yao tu angeuingia mjadala mwaka 1997 akidhani ndio mwanzo.

Ghala ambazo mimi hupitia kabla ya kuiamini orodha ya mtu mwingine ni hizi. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini, hukusanya majarida yanayochapishwa barani. Baadhi husomwa bure na mengine kwa malipo, kwa hiyo angalia alama iliyo kando ya kila jarida. Saraka ya DOAJ, iliyoanzishwa Lund, Uswidi, mwaka 2003, huorodhesha majarida ya ufikiaji huria peke yake, yaani yale ambayo yeyote anaweza kuyasoma bure. JSTOR ni makavazi ya matoleo ya zamani, na hata asiye na chuo anaweza kujisajili bila malipo na kusoma kwenye skrini makala nyingi zake, hadi 100 kwa kila siku 30, ingawa hawezi kuzipakua. Swahili Forum yenyewe sasa iko mtandaoni bure. Kwa historia, akiolojia na siasa za eneo letu, kuna Azania, lililoanza mwaka 1966, na Journal of Eastern African Studies, lililoanza mwaka 2007, yote mawili yakiwa na uhusiano na Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo iko hapa hapa Kileleshwa.

Wahadhiri wenzangu wa idara za Kiswahili wataniuliza kuhusu makala zilizoandikwa kwa Kiswahili, na wana haki. Majarida ya Kiswahili na Mulika, ya taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo tuliijua kwa jina la TUKI na sasa ni TATAKI, hayana budi kuwamo, tena kwa sababu iliyo ya vitendo zaidi kuliko uzalendo. Mwanafunzi atakayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili baada ya kusoma makala za Kiingereza tupu hufika sura ya pili akiwa hana istilahi. Hapo huanza kubuni. Katika pendekezo moja la utafiti nililosahihisha, jambo moja liliitwa kubadili msimbo katika ukurasa wa kwanza, kuhamisha ndimi katika wa tatu, na kuchanganya ndimi katika wa tano, na mwandishi alipoulizwa kama hayo ni mambo matatu au moja, alicheka kisha akanyamaza. Weka angalau makala moja ya Kiswahili kwa kila makala mbili za Kiingereza, hata ikibidi kulegeza kidogo swali lako.

Andika maelezo chini ya kila makala

Jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa ni anwani tu. Kinachomfanya mwanafunzi aende kwenye anwani hiyo ni maelezo mafupi yaliyo chini yake, nami huyaandika kama ninavyozungumza naye. Haya hapa ni maelezo ya wiki ya tano kama yalivyo katika orodha yangu:

"Githiora, 2002, kurasa 159 hadi 181. Soma mwanzo na hitimisho kwanza, kisha rudi kwenye mifano. Imo humu kwa sababu inalikabili swali letu waziwazi na kulipa njia tatu za kujibiwa. Chagua mifano miwili ya Sheng kutoka humo ndani, umsomee mtu wa mtaani kwenu aliye chini ya miaka 20, na uandike alichokisema. Je, kilichobadilika tangu wakati huo ni neno, ni mofimu, au ni msemaji? Njoo na jibu la sentensi tatu."

Maneno hayo hayajazidi mistari sita, lakini yana sababu ya makala kuwamo, njia ya kuisoma, na kazi ambayo haiwezi kufanywa kwa kusoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, peke yake. Kazi hiyo ya kumsomea mtu wa mtaani ilizaa majadiliano ya saa mbili: mwanafunzi mmoja wa Kayole alirudi na habari kwamba mdogo wake hakuwa amesikia neno hata moja, na jirani yake wa darasani, anayeishi Kangemi, akasema kwao yote yangali yanatumika. Kutoka hapo, swali la kama Sheng ni moja au nyingi lilijileta lenyewe.

Hakikisha makala inapatikana

Hapa ndipo orodha nyingi nzuri hufia. Kabla ya kuitoa, fungua kila kiungo ukiwa nyumbani, kwa simu, kwa bando lako mwenyewe, bila kuingia kwa akaunti ya mhadhiri. Utashangaa. Ofisini, kwenye mtandao wa chuo, kila kitu hufunguka kwa sababu maktaba imeshalipia, na maktaba nyingi za vyuo vyetu hupata majarida hayo kupitia muungano wao wa KLISC. Mwanafunzi aliye Githurai saa tatu usiku huona ukurasa unaomdai dola 40 na kuhitimisha kwamba makala haipatikani. Mara nyingi inapatikana, ila anahitaji kuingia kwanza kupitia tovuti ya maktaba kwa nambari yake ya usajili na nywila ambayo hakuwahi kuichukua. Kwa hiyo wiki ya kwanza sifundishi. Ninalipeleka darasa maktaba, mkutubi wa marejeleo anawaonyesha njia hiyo, na hakuna anayetoka kabla ya kupakua makala ya wiki ya pili kwenye simu yake. Wakutubi wetu wanajua mengi ambayo sisi wahadhiri hatuwaulizi.

Andika kitambulishi cha kidijitali cha makala, yaani DOI, kile kinachoanza kwa "10.", badala ya kunakili anwani ndefu ya tovuti. Anwani za tovuti huhama, lakini kitambulishi hubaki. Makala ikiwa ya kulipia na maktaba haina, tafuta kama mwandishi ameweka nakala ya awali katika hifadhi ya kidijitali ya chuo chake. Hifadhi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, ina kazi nyingi za wanazuoni wake. Ikishindikana kabisa, mwandikie mwandishi. Waandishi wa makala za majarida kwa kawaida hawalipwi kwa kila nakala inayouzwa, na wengi hufurahi kusomwa.

Juu ya kutuma mafaili katika kundi la WhatsApp la darasa, niseme wazi ingawa najua sitapendwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi na matumizi ya binafsi, pamoja na kumtaja mwenye kazi, lakini kumwagia watu 60 faili la makala ya kulipia kila wiki ni jambo jingine. Tuma kiungo. Makala za ufikiaji huria ndizo unazoweza kuzituma zenyewe, kwa masharti ya leseni iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Darasani

Makala ya jarida haisomwi kama riwaya, na hakuna aliyewaambia wanafunzi hivyo. Wengi huanza na neno la kwanza na kukata tamaa ukurasa wa nne, palipo na nadharia. Katika somo la kwanza tunasoma pamoja kwa dakika 40: ikisiri, kisha aya za mwisho za utangulizi, ambapo kwa kawaida mwandishi husema anataka kufanya nini, kisha hitimisho, kisha majedwali au mifano, na baada ya hapo ndipo tunaamua kama sehemu ya nadharia inahitajika kwa swali letu. Ninasoma kwa sauti na kusimama panaponitatiza. Kumwona mhadhiri akikwama na kurudi nyuma kwenye sentensi huwapa wanafunzi ruhusa ambayo hawakujua wanaihitaji.

Katika masomo yanayofuata kila kundi hupewa kazi moja ya kuitetea: wa kwanza waseme mwandishi anadai nini, wengine watafute ushahidi wake uko ukurasa gani, wengine waseme angemjibuje mwandishi wa wiki iliyopita. Kundi hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linaloifanya orodha iwe mjadala. Ukiona wamekosa la kusema, rudi uikague orodha yako, kwa sababu huenda makala hizo mbili hazizungumzi.

Kutoka orodha ya mhadhiri hadi utafiti wa mwanafunzi

Mwanafunzi anapoanza kuandika pendekezo, orodha ya kozi inakuwa mahali pa kuondokea. Njia ya kurudi nyuma ni marejeleo yaliyo mwishoni mwa makala. Njia ya kwenda mbele ni kitufe cha Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma, kinachoonyesha ni nani waliokuja kuinukuu. Ninamtaka achague makala moja tu kutoka orodha yangu, aende hatua moja nyuma na hatua moja mbele, na alete makala tatu mpya, kila moja ikiwa na maelezo ya mistari sita kama yale ya Githiora. Azihifadhi katika Zotero, programu isiyolipiwa inayopanga marejeleo, tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuyapanga usiku wa kuamkia kuwasilisha ni adhabu ambayo nimeiona ikitoa watu machozi.

Mambo mawili huharibu hatua hii. La kwanza ni majarida laghai, yanayomtoza mwandishi fedha na kuchapisha lolote bila kumpelekea mtaalamu yeyote kulihakiki. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Denver, alikuwa na orodha maarufu ya wachapishaji aliowashuku, lakini aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na nakala zinazozunguka si za kutegemewa kama amri. Fanya ukaguzi mwenyewe: bodi ya wahariri ni watu wanaojulikana na wanaokubali kwamba wamo? Jarida linaahidi kuchapisha kwa siku tatu? Jina lake linafanana mno na la jarida kongwe? Hata hivyo, usilitupe jarida kwa sababu tu ni dogo, limechelewa kutoa toleo, au tovuti yake ni ya kizamani. Majarida mengi halali ya kwetu yako hivyo.

La pili ni jipya zaidi. Programu za akili mnemba hutunga marejeleo yanayopendeza: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, kichwa kinachoaminika, na makala isiyokuwepo. Muhula uliopita nililetewa matatu ya aina hiyo ndani ya pendekezo moja, likiwamo la mwalimu wangu mwenyewe, kuhusu mada ambayo hajawahi kuigusa. Kanuni yangu sasa ni kwamba kila rejeleo lije pamoja na sentensi moja iliyonukuliwa na ukurasa wake, na mwanafunzi awe tayari kuifungua makala hiyo mbele yangu kwenye simu yake.

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi hupendekeza makala moja ya kutolewa katika orodha na moja ya kuingizwa, kwa sababu za maandishi. Likizo ya Desemba ninaketi na mapendekezo hayo, ninafungua viungo vyote upya, ninabadilisha tarehe iliyo juu ya ukurasa, na kutoa kilichozidiwa. Ya Abdulaziz na Osinde imependekezwa kutolewa mara nne, kwa hoja kwamba mpaka wa Eastlands na Westlands hauko tena vile. Bado sijaitoa, lakini sasa hoja hizo nne zimo chini yake, na majina ya waliozitoa pia yamo, kwa idhini yao.